Dumu la Mzazi

Mwanne hakuwa mtu wa kukaa. Hata akikaa, mguu mmoja ulikuwa nje ya mkeka, tayari kusimama. Nyarugusu nzima ilimjua hivyo, mama wa togwa anayewapimia wachimbaji wa dhahabu vikombe huku akiwafokea. "Nawa kwanza. Kohoa huko pembeni. Haya, sasa njoo." Nao walikuja, vumbi jekundu limewaganda hadi kwenye kope, wakacheka, wakanawa, wakanywa.

Lakini mwanzo wa mvua zile Mwanne alikosa utulivu kwa sababu nyingine. Katika chumba cha nyuma alilala binti yake Zamoyoni, aliyerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi. Mtoto alizaliwa siku ya mvua kubwa, wakamwita Mwamvua. Arobaini ilikuwa bado, na mikono ya Zamoyoni ilikuwa inatetemeka.

Ilianza kwa maumivu ya kichwa. Kikaja kichefuchefu. Halafu usingizi ukamkimbia, akawa anakodoa macho kwenye mabati usiku na mchana, na vidole vinacheza juu ya shuka kama vinatafuta kitu. Mtoto naye akawa hatulii. Mlango ukigongwa kidogo tu alitupa mikono juu, akakakamaa, akalia. Akipewa ziwa alilishika, akaliacha, akalishika tena, akaliacha.

Donatus wa zahanati alimpima Zamoyoni, akasema malaria, akatoa klorokwini. Zikaisha. Kutetemeka kukabaki. Donatus akakuna kidevu.

"Damu nayo imepungua, mama. Mpe vitu vya maji kwa wingi. Maziwa ya mtoto yatoke."

Mwanne alipoambiwa vitu vya maji kwa wingi alijua kitu kimoja tu. Akamzidishia togwa aliyokuwa akimpa tangu ajifungue.

Hapo ndipo linapoingia dumu.

Mwaka ule wa themanini na nne kila kitu kilikuwa adimu. Sabuni adimu, sukari adimu, na chombo chenye mfuniko adimu kuliko vyote. Madumu matupu ya mafuta ya kula yakifika dukani kwa Firoz yalikuwa na wenyewe kabla hayajashushwa garini. Kwa hiyo Sabiti, mumewe Mwanne, aliporudi kutoka Shinyanga siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, kabla ugonjwa haujaanza, na magunia yake ya ulezi, na juu ya magunia dumu la plastiki la buluu, zima, halina hata mkwaruzo, majirani walitoka nje kulitazama kama wanavyotoka kumtazama bibi harusi.

"Hili ni la mzazi," Mwanne akasema papo hapo. "Asiliguse mtu."

Togwa ya kuuza ilibaki kwenye mtungi wa udongo kama siku zote. Ya Zamoyoni ilichotwa mtungini humo humo, ikamiminwa dumuni, mfuniko ukakazwa, dumu likawekwa kichwani pa kitanda. Cha mzazi hakiguswi. Hivyo ndivyo Mwanne alivyolelewa kwao Kambarage, mjini Shinyanga. Akinywa mwingine, wanasema, maziwa humfuata huyo. Hata Mwanne mwenyewe alionja togwa ikiwa mtungini. Ikishaingia dumuni ilikuwa ya Zamoyoni peke yake.

Lilikuwa na harufu kidogo, dumu lile. Kitu kikali, jamaa ya mafuta ya taa lakini si mafuta ya taa. Mwanne alilisugua kwa majivu na mchanga, akalisuuza, akalianika, akalisuuza tena. Hakuwa mchafu, Mwanne. Wakati wa vikundi vya redio, watu walipokuwa wakifundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji, yeye ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba za watu kuchungulia kama mitungi imefunikwa. Lakini harufu haikutoka.

Aliyeitoa ni mkwewe, Mageni, mama yake Nkwabi aliyemwoa Zamoyoni. Mageni alikuwa mkulima na mfugaji wa Rwamgasa, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku aliyokuja kumwona mjukuu alinusa dumu, akacheka.

"Kwani kibuyu kipya hakinuki? Kinanuka kuliko hili. Lifukize, mayu, mama yangu."

Wakalifukiza wote wawili, kama Wasukuma wanavyofukiza vibuyu vya maziwa. Mageni alichagua kijiti chenye moshi mtamu, akakichoma, akakipulizia. Wakaliinamisha dumu mdomo chini, mbali kidogo na kaa lisije likayeyuka, likanywa moshi hadi ndani kukawa kweusi. Walipoligeuza lilinukia kama jikoni kwa bibi.

"Sasa limekuwa chombo," Mageni akasema.

*

Siku ambayo mambo yalivunjika, Mageni alifika asubuhi, kibuyu cha mtindi kichwani.

"Hodi humu! Mwangaluka!"

"Mwangaluka mhola, Mama Nkwabi. Karibu ndani."

"Shikamoo, mama," Zamoyoni akasema kutoka kitandani.

"Marahaba, mwanangu." Mageni akaushika mkono wake, akauangalia unavyocheza ndani ya mkono wake mwenyewe. Alitua kibuyu karibu na mlango, na nzi waliomfuata kutoka njiani wakatua nacho.

Mwanne alishasimama. "Kitoe nje hicho. Umekuja na mtindi au umekuja na ukoo wa nzi?"

"Nzi ni wageni tu, mayu. Mwenye chakula hakosi wageni."

"Mimi sina. Hebu tazama dumu langu. Togwa imo humo tangu juzi, mfuniko umefunguliwa sasa hivi, umeona nzi hata mmoja?"

Mageni akainama, akalizunguka dumu kwa macho. "Kweli," akasema kwa kijicho. "Hata wa dawa."

"Usafi huo, mwenzangu."

"Basi arobaini ikiisha unipe mimi. Nampelekea Nkwabi maziwa kule shimoni, vibuyu vinanipasukia njiani."

"Utangoja sana."

Wakacheka. Kicheko kikamshtua mtoto. Mwamvua akatupa mikono, akakakamaa, mdomo ukacheza upande mmoja, halafu kilio kikatoka, chembamba, kama cha paka aliyebanwa mlangoni. Zamoyoni akajaribu kumwinua, mikono ikamkataa. Mwanne ndiye aliyemchukua.

Mageni aliacha kucheka. "Mama Zamoyoni, hii si homa."

"Donatus kasema malaria."

"Donatus anasema malaria hata mtu akijikwaa. Mtoto anashtuka, mama anatetemeka, na sisi wengine wote wazima. Wewe mzima, mumeo mzima. Kwa nini hao wawili tu? Kuna mtu kawatupia jicho."

"Nani?"

"Nitajuaje? Wewe unauza togwa. Wanaume wa kila kabila wako mlangoni kwako tangu alfajiri."

"Wanakuja kununua togwa, Mama Nkwabi. Hawaji kununua mjukuu."

"Kesho Nkwabi anapanda kutoka shimoni. Tutamchukua mkewe na mtoto, tukawatibu kwetu. Kuna mtu kule anazijua hizi degedege."

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini."

"Mzazi aliyekufa hutoka siku yoyote."

Zamoyoni aligeuza uso ukutani. Mageni mwenyewe alionekana kujuta, akaokota ndoo, akasema anakwenda kisimani, akatoka. Kesho, Mwanne aliwaza. Wakimpeleka huko watampa mizizi, watamchanja chale, na mtoto huyu hana nguvu hata ya kuvuta ziwa. Na kama nikimkatalia Nkwabi mke wake, nimkatalie kwa lipi? Nina dawa gani mimi?

Akajaza kikombe kutoka dumuni, pomoni.

"Kunywa, mama. Maziwa yashuke."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Kunywa."

Zamoyoni alikipokea kwa mikono miwili. Kikombe kikapiga meno yake, ta ta ta, kikaponyoka. Togwa ikamwagika sakafuni, ikasambaa juu ya udongo hadi karibu na mlango.

"Samahani, mama."

"Acha samahani. Nitafuta."

Lakini nje walikuwa wanamwita, "Mama! Mama Togwa! Tunakufa na kiu hapa!" Akaenda kuwapimia, na mmoja akataka chenji, na mwingine akataka kuongezwa bure, na Mwanne akamwambia akaongezwe na mama yake. Aliporudi chumbani na kitambaa mkononi, alichutama kufuta.

Akabaki amechutama.

Katika nyumba ile, kama nyumba zote za Nyarugusu, ukidondosha punje ya sukari sisimizi wana habari kabla hujainama. Togwa tamu ikimwagika, nzi hawangoji wewe umalize kulaani. Sasa hapa palikuwa na dimbwi la togwa, na kando yake kibuyu cha Mageni kimevaa nzi kama shati jeusi. Juu ya dimbwi hapakuwa na kitu. Msafara wa sisimizi uliotoka chini ya mlango ulikuwa umefika ukingoni, ukakunja, ukazunguka mbali, kama watu wanaopisha msiba barabarani.

Usafi huo, mwenzangu.

Alikuwa amelisema yeye, kwa mdomo wake, muda si mrefu. Nzi gani anajua usafi? Nzi anatoka chooni akatua juu ya wali. Nzi hachagui. Sasa huyu asiyechagua amechagua nini?

Alitoka na visahani viwili. Kimoja alichota mtungini, kingine alichota dumuni, akaviweka juani juu ya jiwe, sambamba. Wachimbaji wakatazamana.

"Mama, leo unawauzia nzi?"

"Kunywa, nyamaza."

"Waambie walipe kwanza, wale ni wakopaji."

Kisahani cha mtungi kiliingiliwa mara moja. Kile cha dumu kilikaa peke yake. Mwanne alisimama hapo, mkono kiunoni, jua likimchoma utosini, na wachimbaji kwa sababu wasiyoijua wakaacha utani. Mwishowe nzi mmoja akatua ukingoni mwa kisahani cha dumu, akashusha mdomo, akatembea hatua chache. Akaanguka chali. Akazunguka mahali pamoja kwa mgongo, zzzz, zzzz, kisha akatulia.

"Mama, mimi nimekunywa kipi?" mmoja akauliza, kikombe kikiwa hewani.

"Wewe umekunywa cha mtungi. Wewe mzima."

Aliingia ndani, akalinyakua dumu, akaimwaga togwa yote nyuma ya nyumba. Maji ya kupikia uji yalikuwa yanachemka mekoni. Akaepua sufuria, akayamimina dumuni yakiwa yanatokota, akainamisha uso juu ya mdomo wa dumu.

Kwanza ulikuja moshi, ule moshi mtamu wa Mageni. Halafu plastiki ikapata joto, ikalegea, na chini ya moshi kikapanda kile kingine.

Aliijua harufu ile. Kila mtu wa Shinyanga anaijua. Alikuwa na mimba ya huyu huyu Zamoyoni, amekwenda shambani kwa shemeji yake nje ya mji, wanaume wamebeba mabomba mgongoni wanapulizia pamba, na shemeji yake akaja mbio kutoka mwisho wa tuta akipunga mikono: "Wewe! Rudi! Una mimba, hii dawa inaua!" Akarudi. Akazaa salama. Na sasa, miaka yote hii baadaye, ameichukua dawa ile ile, akaitia moshi, akaiweka kichwani pa kitanda cha mwanawe, akamwambia kunywa.

*

Sabiti alikuwa uani anashona magunia.

"Sabiti. Dumu hili ulilipata wapi?"

"Si nilikwambia? Shinyanga."

"Shinyanga kubwa."

"Kwa dereva wa lori la pamba. Pale karibu na kinu." Alimwangalia mkewe, akaweka sindano chini. "Kwani vipi?"

"Lilikuwa na nini?"

"Lilikuwa tupu."

"Kabla ya kuwa tupu, Sabiti."

"Nilimwuliza. Akasema lilikuwa la maji ya rejeta."

"Na wewe ulinusa maji?"

Sabiti alilipokea dumu, akanusa, akalitoa usoni haraka. Alikuwa mtu mpole, na Mwanne aliuona upole ule ukimwisha usoni. "Mke wangu," akasema, "lilikuwa dumu zuri."

Mageni ndiye aliyeingia uani wakati huo, ndoo ya maji kichwani. Mwanne akamwambia palepale, bila kumpa nafasi ya kuitua. Akamwambia kuhusu nzi, kuhusu maji ya moto, kuhusu lori la pamba.

"Basi si jicho," Mageni akasema polepole. Halafu sauti ya kuitia ng'ombe ikarudi. "Basi ni nyinyi! Mumeo kaleta sumu, wewe ukamnywesha mke wa mwanangu! Na mimi ninatafuta mchawi barabarani!"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Mwanne. Nani aliyesema tulifukize? Nani aliificha ile harufu? Bila wewe ningelitupa. Lilikuwa jibu zuri, lenye makali pande zote mbili, na lilikuwa la uongo kidogo, kwa sababu asingelitupa. Mwaka ule hakuna mwanamke aliyetupa dumu.

"Linuse," akasema.

"Sitaki kunusa."

"Linuse, Mama Nkwabi. Wewe unalima pamba."

Mageni aliishusha ndoo. Akainama juu ya dumu. Alikaa hapo kidogo, na alipoinuka alijifuta pua kwa upindo wa khanga, akajifuta tena, kama mtu aliyeguswa na kitu kinachonata.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Na mimi niliipa moshi."

Kilio cha Zamoyoni kilitoka ndani kabla hawajasema zaidi. Wakakimbia wote. Mtoto alikuwa amekakamaa kama ubao, macho yamepanda juu hadi yamebaki meupe, mkono mmoja unapiga, unapiga. Zamoyoni anamshika, na mikono yake nayo inapiga, mama na mtoto wakitikiswa kama na upepo mmoja.

"Mama! Mama, anakufa!"

Mwanne alimchukua, akamlaza ubavu. "Hafi. Sabiti! Tafuta gari la Geita. Lolote. Hata la mawe."

"Rwamgasa ni karibu," Mageni akasema, lakini kwa sauti ndogo, na macho yake yalikuwa mlangoni kule dumu liliko.

"Mtu wako wa degedege anajua kutoa dawa ya pamba tumboni?"

Mageni akatikisa kichwa.

"Basi chukua nguo za mtoto."

Lori lilipatikana kwa Firoz. Lilikuwa linarudi Geita, na Firoz mwenyewe alitoka dukani akamwambia dereva awashushe hospitali, si stendi. Walipokuwa wanampakia Zamoyoni, jirani mmoja akasogea kwa Mwanne, akamnong'oneza, "Dada, hilo dumu umeliacha pale uani. Kama hulihitaji…"

Mwanne alimtazama. Akaangalia lori, akaangalia uani. Akarudi, na dereva akipiga honi, akachukua shoka la kuni.

Mtungi ukiupiga unavunjika na mambo yameisha. Dumu halikuvunjika. Kwa pigo la kwanza liliruka, likakimbia uani kama kuku. Alilifuata. Kwa pigo la pili likabonyea tu, likarudisha umbo lake. Watu wakajaa, na waliona nini? Waliona mama ambaye mwanawe yuko taabani anapigana na dumu zima la buluu, chombo ambacho wengine hapo wangekinunua kwa mbuzi.

"Amechanganyikiwa, masikini."

"Mshikeni mkono!"

"Asinishike mtu!" Akalikanyaga kwa mguu, akalipiga, akalipiga, hadi shoka likapita. Akalipasua ubavu, akalipasua kitako, akakusanya vipande akavisokomeza guniani. Hapo akasimama na gunia mkononi, hajui alipeleke wapi. Kulichoma? Moshi wake ungekwenda kwa nani? Kulizika? Chini ya uwanja ule kuna maji, na maji hayo hayo ndiyo ya kisima. Kulitupa kwenye duara lililokufa, shimo la dhahabu lililoachwa, watoto wangelitoa kabla ya jioni. Kibuyu kikizeeka unakitupa shambani, mvua mbili tatu kimekuwa udongo. Hili hata baada ya kuuawa lilikuwa bado lipo.

Akalifunga gunia, akalitundika darini, juu kabisa. Akapanda lori.

*

Daktari wa zamu Geita alikuwa mwanamke kijana, hana muda wa maneno. Aliuliza, akajibiwa, akaandika.

"Nani alikuwa anampa hicho kinywaji?"

"Mimi," Mwanne akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Asipotaka namlazimisha."

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea. Mtoto akachomwa sindano ya kutuliza degedege. Zamoyoni akaambiwa akamue maziwa yake yote, ayamwage, asimnyonyeshe hadi aambiwe. Mtoto apewe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupunguzwa maji, kwa kijiko, kidogokidogo.

"Lakini niliosha," Mwanne alimwambia daktari, alipokuwa anageuka kuondoka. Hakujua kwa nini alisema. "Kwa majivu. Kwa mchanga. Nikafukiza."

"Mama, plastiki inakunywa kile kilichowekwa ndani yake. Huwezi kuiosha ikasahau. Halafu ukaweka kitu kichachu humo, kikakaa siku nzima, kikaivuta sumu taratibu." Akapunguza ukali. "Usingeweza kuona. Ila usirudie."

Kukamua kulikuwa ndiyo adhabu. Zamoyoni alikaa kitandani, kifua kimejaa, analia, na maziwa yake yanaingia bakulini, Mwanne anayapeleka kuyamwaga. Maziwa aliyoyatafuta kwa mtama mweupe na ulezi wa Shinyanga, anayamwaga chooni kwa mikono yake. Kila akirudi na bakuli jeupe tupu, Zamoyoni hamwangalii.

"Unanichukia?" akamwuliza siku moja. Hakujua kuuliza kwa kuzunguka.

"Nimechoka tu, mama."

"Ukinichukia sema."

"Mama, kaa. Umesimama tangu asubuhi. Kaa chini."

Akakaa. Mguu mmoja ukabaki nje.

Mageni ndiye aliyeleta maziwa. Alipata Msukuma mwenzake pembeni mwa mji mwenye ng'ombe aliyezaa, na kila alfajiri alikuja na kibuyu kimefunikwa kwa jani, nzi wamo safarini. Mwanne alipokea, akachemsha, hakusema neno juu ya nzi. Siku ya kwanza Mageni alimngoja aseme. Siku ya pili akashindwa kuvumilia.

"Leo hunifukuzi?"

"Wageni wako wanajua chakula," Mwanne akasema. "Waache waje."

Nkwabi alifika, matope ya shimoni bado yako kwenye ndewe za masikio, akasimama mlangoni mwa wodi bila kujua amshike nani kwanza. Degedege ilikuja mara mbili tena, kisha ikakosa kuja. Mtoto akaanza kulala. Siku daktari alipomruhusu kunyonyesha, Zamoyoni alimwomba mama yake maji, akapokea kikombe kilichojaa, na wote mle ndani, Mwanne, Mageni, Nkwabi, wakautazama mkono. Maji hayakumwagika. Akanywa, akakiweka chini, akamchukua Mwamvua, akampa ziwa. Mtoto akalishika. Hakuliacha.

Mwanne alitoka nje ya wodi, akafanya kama anakwenda kusuuza bakuli.

*

Walirudi Nyarugusu mchana wa jua kali. Lori liliwashusha karibu na kisima, na pale kulikuwa na foleni ya wanawake na vyombo vyao: ndoo za bati, mitungi, madumu ya njano. Mageni alimbeba mtoto. Zamoyoni alishika mkono wa mumewe, akatembea mwenyewe.

Mwanne alikuwa ameshapita foleni alipogeuka.

Mwanamke wa tatu kutoka mwisho, kijana, mgeni pale, mtoto mgongoni, mwingine tumboni. Mbele ya miguu yake kulikuwa na dumu la buluu. Zima. Halina hata mkwaruzo.

"Twende, mama," Zamoyoni akasema. "Jua kali."

"Nyinyi tangulieni."

Akaweka furushi chini, akaenda.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hili dumu mmelipata wapi?"

Yule binti akalivuta karibu na miguu yake. "Mume wangu kaninunulia. Kwa madereva wa pamba. Si la kuuza, mama."

"Mnawekea nini?"

"Maji ya kunywa. Na uji wa mtoto." Akamtazama Mwanne vizuri, akaona hataki kuondoka. "Mbona? Ni safi. Hata nzi hawaligusi."

Wanawake wa foleni walikuwa wameanza kugeuka. Mmoja akamtambua Mwanne, akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Ndiye yule wa shoka." Wakacheka.

Mwanne hakucheka, wala hakukasirika. "Mimi ninauza togwa, nyumba ile yenye kigae juu ya mlango," akamwambia yule binti. "Nina mtungi mkubwa, wa miaka, hauna hata ufa. Njoo uuchukue. Mimi nipe hilo."

"Mtungi wako wa kazi? Kwa dumu?"

"Kwa dumu."

"Na wewe togwa utaiweka wapi?"

"Nitajua." Alikuwa ameshainama, ameshalishika mshikio. Yule binti alishika upande wa pili, hajakubali, hajakataa. "Njoo kwanza kwangu, nichemshe maji nikuonyeshe kitu. Ukishanusa, ukitaka kuondoka nalo, ondoka. Mwenye dumu jingine la buluu ni nani hapa?"

Kicheko kikakatika. Nyuma kabisa ya foleni, mwanamke mmoja mzee alitazama huku na huku, kisha akainua mkono.